Ujira wa Kijana: Kutoka Mzigo wa Mpagazi hadi Mkataba wa Bodaboda

 

Katika khutba zetu za Ijumaa hapa Tabora, na hapana shaka katika miji mingine mingi, vijana wa bodaboda wamekuwa mfano tuupendao tunapotaka kuonya. Tunasema wanakwenda mbio, wanapakia mishikaki, hawasimami adhana inapoadhiniwa, wanawaharibu mabinti wa watu. Mengi katika hayo ni kweli, nami sikusudii kumtetea mwenye kukosea. Lakini ni khutba ngapi tumewahi kuzisikia, au kuzitoa sisi wenyewe, juu ya karatasi anayotiliwa saini kijana huyo kabla ya kukabidhiwa ufunguo? Makala haya ni juu ya karatasi hiyo.

Kijana mmoja alinijia baada ya sala ya Isha, akaniomba tubaki msikitini wawili. Akatoa mfukoni mkataba uliokunjwa mara nne mpaka umechanika kwenye mikunjo. Alikuwa amepewa pikipiki kwa utaratibu wanaouita "mkataba": kila siku apeleke hesabu kwa mwenye chombo, na muda ukitimia pikipiki iwe yake. Alipeleka zaidi ya mwaka mzima. Kisha akashikwa na homa ya matumbo, akalala wiki tatu. Alipoinuka alikuta chombo kimekwisha chukuliwa, na sharti lilikuwa limeandikwa wazi: akishindwa kuleta hesabu kwa siku kadhaa mfululizo, pikipiki itarudi kwa mwenyewe "bila ya madai yoyote". Akaniuliza, "Shehe, hii ni halali?"

Nikaitazama ile karatasi hadi chini. Mwenye pikipiki ni mzee tunayesali naye safu ya mbele. Na mahali pa shahidi pana saini yangu.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anipe siku chache, nikarudi kwenye vitabu. Yafuatayo ni niliyoyapata, nayaandika kwa ajili ya maimamu wenzangu ambao, kama mimi, huitwa kushuhudia mikataba hii wakasoma jina na tarehe tu.

Mji uliojengwa kwa ujira wa vijana

Kabla ya kuingia katika hukumu, tukumbuke kuwa suala la ujira wa kijana si geni hapa. Mji huu umesimama juu yake. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa wameweka makazi Kazeh, katika Unyanyembe, mahali ambapo njia ya misafara itokayo Bagamoyo ilipogawanyika: moja kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kupanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke, Waingereza, walipofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 walimkuta Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman, ambaye aliwapokea na kuwasaidia sana. Walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani.

Wanyama wa mizigo hawakustahimili njia ile kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine. Kwa hiyo kila pembe, kila jora la merikani na kila mfuko wa shanga ulipita juu ya bega la mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 32, na pembe kubwa zilizidi hapo. Wengi wa waliobeba walikuwa vijana wa Kinyamwezi. Burton mwenyewe aliandika kwamba kwao upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba hata watoto wadogo walizoezwa kwa kubebeshwa vipande vidogo vya pembe. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alirudi na nguo. Nguo zikawa mifugo, na mifugo ikawa mahari. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa "ameanza maisha". Utani wa Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani, ambao mpaka leo hutuchekesha misibani, ni matunda ya safari zile. Na dini yetu pia imeingia bara kwa mabega hayo hayo.

Wapagazi hao wengi wao walikuwa watu huru walioajiriwa. Walikuwa na kirangozi wao anayetangulia msafara, walidai posho yao, na pale walipoona wamedhulumiwa waliweka mizigo chini au walitoroka. Lakini katika njia hiyo hiyo, na nyakati nyingine katika msafara huo huo, walipita pia watu waliofungwa minyororo, nao hawakuwa na ujira wala kirangozi. Miongoni mwa waliowanunua na kuwauza walikuwamo watu wenye majina kama yetu, wanaosali kama tunavyosali. Hatupati faida yoyote kulificha jambo hilo. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa jina la njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Kwihara, kando ya mji wetu, ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa.

Nimelileta hilo kwa sababu ya hadithi moja aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Sahihi Bukhari. Humo Mtume (s.a.w.) anaeleza kutoka kwa Mola wake kuwa watu wa aina tatu Yeye Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akahini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Mtazame, ewe msomaji, jirani aliyewekewa mla ujira. Amewekwa bega kwa bega na muuza watu. Kwa mtu wa Tabora hadithi hii haihitaji sherehe ndefu. Wote wawili wamepita katika njia moja, mbele ya nyumba zetu.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, upagazi ulikufa, lakini safari za vijana hazikufa. Vizazi vilivyofuata vilikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, maarufu kwa jina la SILABU, iliyowachukua watu wengi kutoka mikoa hii ya magharibi. Wazee wetu wanaikumbuka kadi ya kipande: siku 30 za kazi zinatiwa alama, na mshahara hutolewa kadi ikijaa. Aliyebakiwa na siku mbili kadi yake haijajaa, basi haijajaa. Naomba msomaji aiweke kadi hiyo akilini, maana tutarudi kwake.

Karatasi yenyewe

Sasa tuitazame karatasi ya leo kwa mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme pikipiki imenunuliwa dukani kwa shilingi 2,800,000. Kijana anatakiwa alete shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa wiki 65. Jumla ni shilingi 3,900,000. Mafuta ni yake, sevisi ni yake, faini ni zake, na pikipiki ikiibiwa au kugongwa, hasara ni yake. Kadi ya pikipiki lakini ina jina la mwenye mali mpaka siku ya mwisho. Wiki ya 58 kijana anaugua. Amekwisha leta shilingi 3,480,000, na amebakiwa na 420,000. Chombo kinachukuliwa. Mwenye mali anabaki na pikipiki na fedha zote. Kijana anabaki na homa yake.

Hapo ndipo inapoanzia ile mbio tunayoilaumu juu ya mimbari. Mtu ambaye siku chache za upungufu zinaweza kumpotezea mwaka wake mzima atapakia watu watatu, atakesha barabarani, na atakopa popote ili afunge hesabu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Ukikaa kijiweni utasikia wangapi wamepita humo, na mikopo hiyo wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Ni akdi gani hii?

Swali la kwanza la fakihi ni hili: ni bei au ni ijara? Ukimuuliza mwenye chombo, "Pikipiki ikiibiwa hasara ya nani?" atasema ya kijana. Basi ameiuza. Ukimuuliza, "Ni ya nani?" atatoa kadi yenye jina lake. Basi ameikodisha. Amejipa haki za muuzaji na haki za mkodishaji kwa pamoja, na majukumu ya wote wawili amembebesha kijana. Katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi tumefundishwa kuwa faida ya kitu hufuatana na dhamana ya kitu. Huwezi kula pato la mali huku hatari yake umemtwika mwingine.

Jambo hili maulamaa wa zama zetu wamelijadili kwa urefu, ingawa wao walikuwa wakiangalia mabenki na nyumba, si vijiwe vya Tabora. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya OIC, katika kikao chake cha 12 kilichofanyika Riyadh mwezi Septemba 2000, ilitoa azimio namba 110 juu ya ijara inayoishia katika umilikaji. Ilizuia akdi mbili zinazopingana kuwekwa juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ilitaja waziwazi, miongoni mwa sura zilizokatazwa, ile ambayo mkodi anakuwa mmiliki kwa kodi alizokwisha lipa bila ya akdi mpya, yaani ijara inageuka bei yenyewe kwa yenyewe mwisho wa muda. Hiyo hasa ndiyo karatasi yetu. Sura iliyoruhusiwa ni ijara ya kweli, kisha mwishoni ahadi ya kuuza au kutoa hiba kwa akdi yake peke yake. Na katika muda wote wa ijara, hasara isiyotokana na uzembe au uvukaji mipaka wa mkodi ni juu ya mwenye mali, na matengenezo makubwa yasiyokuwa ya uendeshaji wa kila siku ni juu yake pia.

Wala hili si geni katika madhehebu yetu ya Imam Shafii (r.a.). Mwanafunzi aliyesoma mlango wa ijara katika Minhaj ya Imam Nawawi anajua kuwa mkono wa mkodi ni mkono wa amana, halipi kilichoharibika bila ya kosa lake. Anajua kuwa kuitengeneza nyumba ni juu ya mkodishaji, na kwamba anayekodisha mnyama wa kupanda ndiye mwenye kuleta soji na mikanda yake. (Nilipoisoma ibara hii tena nilifikiria ile helmeti ya abiria, ambayo kila siku kijana hupigwa faini kwa kutokuwa nayo, wala hakuna aliyewahi kumuuliza mwenye chombo.)

Ama tukisema ni bei ya malipo ya awamu, basi nayo ina hukumu zake. Kuzidisha thamani kwa sababu ya kuchelewa malipo kunajuzu kwa jumhuri ya wanazuoni, kwa hiyo shilingi 3,900,000 badala ya 2,800,000 si tatizo likikubaliwa mwanzoni na lisiongezeke tena. Lakini azimio namba 51 la Majmaa hiyo hiyo, lililotolewa Jeddah mwezi Machi 1990, linasema muuzaji hana haki ya kubaki na milki ya kitu baada ya kukiuza. Anachoruhusiwa ni kukifanya rehani mpaka alipwe.

Na rehani ndipo penye fundisho kubwa. Wakati wa ujahili mtu alikuwa akiweka rehani kitu chenye thamani kuliko deni. Muda ukipita hajalipa, mwenye kudai alikichukua chote na mambo yakaisha. Mtume (s.a.w.) alilikataza hilo, kwamba rehani haimfungii mwenyewe mlango. Imam Malik ameipokea hadithi hii katika Muwatta kwa njia ya mursal ya Said bin al-Musayyib, akaieleza kwa mfano wa mtu anayesema: nikikuletea haki yako siku fulani ni vyema, la sivyo rehani ni yako, akasema hilo halifai. Imam Shafii naye, pamoja na ukali wake juu ya hadithi mursal, amezikubali za Ibn al-Musayyib. Inayopasa ni kitu kuuzwa, mwenye kudai achukue haki yake, na kinachobaki kirudi kwa mwenyewe. Katika mfano wetu, ikiwa pikipiki iliyotumika itauzwa kwa shilingi 1,500,000, mwenye mali atachukua 420,000 zake, na 1,080,000 ni za kijana. Zile za kijana ndizo ambazo sharti la "bila ya madai yoyote" linazimeza.

Na tukishikilia kuwa ni ijara? Vigezo vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya kisharia kwa mabenki ya Kiislamu, kigezo namba 9, vinasema umilikaji ukishindikana bila ya sababu kutoka kwa mkodi, kodi inarudishwa kwenye ujira wa mfano, na ziada anarejeshewa. Tukadirie kuwa kijana anayeendesha pikipiki ya mtu bila ya mkataba wa kumiliki analeta shilingi 7,000. Basi zile 3,000 za ziada, kwa siku 348, ni shilingi 1,044,000. Hesabu mbili kukaribiana hivi ni bahati ya mfano wangu, lakini kwa njia yoyote utakayopita, kijana ana haki.

Nilijaribu hata kumtafutia mwenye mali udhuru wa mwisho, nikasema labda ni juala, kwa kuwa katika juala mtenda kazi hapati kitu mpaka amalize, kama ile kadi ya manamba. Lakini hata huko Imam Nawawi amesema kuwa mwenye kuahidi malipo akivunja yeye baada ya kazi kuanza, kwa kauli iliyo sahihi zaidi anawajibika kutoa ujira wa mfano. Na aliyechukua ufunguo katika wiki ya 58 ni nani, kama si mwenye chombo?

Hofu ya wenye mali

Ni lazima niseme pia upande wa pili. Wenye pikipiki wana hofu za kweli. Wapo vijana wanaotoroka na chombo hadi machimboni, kikaonekana tena kimebadilishwa namba. Wapo wanaoficha pato, na wanaosema wanaumwa huku wamekaa kijiweni. Wengi wa wenye mali hawa nao si matajiri. Ni mwalimu aliyestaafu, ni mjane aliyewekeza kiinua mgongo cha marehemu. Sharia haikuwaacha bila ya kinga. Wanaweza kutaka mdhamini, wanaweza kuweka rehani, na mkono wa amana ukivuka mipaka unalipa. Kilichokatazwa ni kujikinga na mwizi kwa kumla mgonjwa.

Qur'ani imetupa mkataba mzima wa kijana katika Surat al-Qasas. Musa (a.s.) amefika Madyan, mgeni, hana kazi, anakimbia. Binti anamshauri baba yake amwajiri kwa kuwa ajiri bora ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee yule (wafasiri wamekhitalifiana kama ni Nabii Shuaib au mwingine) akataja muda: miaka minane, na kumi ikiwa Musa atapenda mwenyewe. Akaongeza kuwa hakusudii kumtaabisha. Musa akathibitisha kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya miwili hiyo asidhulumiwe. Masharti ya uaminifu yako kwa kijana, na sharti la kutotaabisha amelitamka mwenye mali kwa mdomo wake, bila ya kuombwa. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa, alisema Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi.

Kwetu maimamu kuna jambo jingine. Bashir, baba yake Nuuman (r.a.), alipomwendea Mtume (s.a.w.) amshuhudie zawadi aliyompa mtoto mmoja na kuwaacha wengine, Mtume alikataa na kusema kuwa yeye hashuhudii dhulma. Ushahidi wetu basi si wa kupamba karatasi.

Baada ya siku nne nilimwita mzee na kijana, tukakaa barazani baada ya Alasiri. Nilianza kwa kusema kuwa mkosa wa kwanza ni mimi, niliyetia saini bila ya kusoma. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Shehe, kila mtu mjini anaandika hivi." Ni kweli, fomu ile hupigwa chapa kwenye maduka ya fotokopi, ukajaza majina tu. Tulizungumza mpaka karibu na Magharibi. Pikipiki alikuwa amekwisha mpa kijana mwingine. Alikubali kurejesha shilingi 500,000 kwa awamu, na mimi namwona bado ana deni, naye anajua ninavyoona. Kijana sasa anaendesha chombo cha mtu kwa hesabu ya kawaida, na tumewaunganisha yeye na wenzake wanne waunde kikundi waombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani usio na riba, ambao sehemu nne kati ya hizo kumi zimetengwa kwa vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024.

Kwenye fomu mpya tunayoitumia msikitini kwetu tumeandika kuwa ni ijara. Kuwa hasara isiyo ya uzembe ni ya mwenye mali. Kuwa injini na matengenezo makubwa ni juu yake, na oili na matairi ni juu ya mwendeshaji. Kuwa maradhi yaliyothibitishwa yanasimamisha hesabu, wala hayavunji mkataba. Na kuwa mkataba ukikatika kabla ya mwisho, ziada juu ya kodi ya kawaida inahesabiwa na kurejeshwa. Ahadi ya kuuza imeandikwa kwenye karatasi nyingine, peke yake. Mpaka sasa waliokubali kuitumia ni watu watatu. Yule mzee si mmoja wao.

Wallahu aalam.